Je, Wajua? Wachumi Waliohesabu Minyoo, Lami na Taa

Ukisikia mtu anasomea uzamivu wa uchumi, huenda ukamdhania kajifungia chumbani na hesabu za riba. Kumbe wanaochunguza maendeleo na siasa ni watu wa kwenda uwandani, na vitu wanavyovihesabu ni viroja vitupu.

Kidonge kilichojaza madarasa

Utoro katika shule za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya, ulipungua kwa robo bila kuongezwa mwalimu hata mmoja. Watoto walipewa dawa ya minyoo, basi. Mpango huo wa shule 75, ulioanza 1998, ulichunguzwa na Michael Kremer pamoja na Edward Miguel, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa uzamivu Harvard. Uhondo wenyewe: hata watoto ambao hawakumeza kitu walipata nafuu, kwa kuwa minyoo ilikosa pa kuenea. Miaka 20 baadaye, waliotibiwa kwa muda mrefu zaidi walikutwa wakilipwa asilimia 13 zaidi kwa saa kuliko wenzao.

Lami inajua kwao rais

Kati ya 1963 na 2011, wilaya za Kenya zenye watu wa kabila la rais zilipata fedha za barabara mara 2 ya wilaya nyingine, na urefu wa lami mpya mara 5! Abiria wa matatu wamekuwa wakiyasema hayo miaka nenda miaka rudi. Wachumi wakaleta vipimo. Sehemu ya ushahidi walichota kwenye ramani za barabara za Michelin, kampuni ileile ya matairi. Kubwa zaidi ni kwamba upendeleo huo ulififia katika vipindi vya demokrasia, ukashamiri nchi ilipokuwa chini ya chama kimoja. Rais yuleyule, Daniel arap Moi, aliongoza kabla na baada ya vyama vingi kurudi, kwa hiyo huwezi kusema ni tabia ya mtu tu.

Mpaka mmoja, michango miwili

Miguel huyohuyo alilinganisha Busia na Meatu, wilaya ya Tanzania kusini mwa Ziwa Viktoria. Upande wa Kenya, kijiji kilichochanganya makabila mengi kilichangia shule yake kidogo kuliko kijiji cha kabila moja. Meatu? Mchanganyiko haukupunguza michango. Katika makala yake ya 2004 alielekeza kidole kwenye siasa za Mwalimu Nyerere za kujenga taifa: Kiswahili mashuleni, mtaala wa kitaifa, na serikali za vijiji zilizochukua nafasi ya machifu. Mimi hapa nasimama upande wake, ingawa wilaya mbili ni chache kwa madai makubwa namna hiyo. Lakini fikiria: lugha unayoisoma sasa hivi huenda imewahi kununua madawati.

Shilingi 100 ziliondoka, 13 zikafika

Kati ya 1991 na 1995, shule za msingi za Uganda zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa na serikali kuu kwa matumizi yake yasiyo ya mishahara. Ni sawa na kutuma debe la maji la lita 20, nyumbani zikafika lita mbili na nusu. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kufikia 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Ritva Reinikka na Jakob Svensson waligundua kwamba shule zilizo karibu na mahali gazeti linapouzwa ndizo zilizonufaika zaidi. Mwalimu mkuu aliyesoma habari hakudanganyika kirahisi.

Kiongozi anaonekana kutoka angani

Setilaiti za jeshi la Marekani zilizoundwa kuangalia mawingu zilinasa pia taa za usiku, na wachumi wakazidaka picha hizo kwa furaha. Roland Hodler na Paul Raschky walipitia nchi 126 wakakuta eneo alikozaliwa kiongozi huzidi kung'aa akiwa madarakani, hasa pale ambapo taasisi ni dhaifu na wananchi hawakusoma sana. Kongo haikuhitaji setilaiti kuliona hilo: Rais Mobutu alijenga Gbadolite, kijiji cha asili yake ndani ya msitu, uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha kutua Concorde.