Ganda la Risasi Lina Habari Ndefu

Kijana mmoja wa kwetu Mvita, ambaye ana kiduka cha mapambo huku River Road, aliniuliza hivi karibuni: "Ami, ni kweli ganda la risasi likishapigwa laweza kujazwa likapigwa tena?" Nikamjibu kwamba ni kweli. Akataka kujua hujazwa vipi, na nani, na kama kuna ubaya wowote kulinunua kwa bei ya shaba. Majibu yake ni marefu kuliko mazungumzo ya dukani. Na kwa kuwa jambo lenyewe lina historia yake papa hapa katikati ya jiji la Nairobi, nimeona nilieleze katika ukurasa huu.

KIASI CHA BUNDUKI

Bunduki waliyoizoea wazee wetu wa Pwani ni gobori, bunduki ya kushindilia. Baruti ilimiminwa mdomoni mwa kasiba, risasi ikafuata, vikashindiliwa kwa mdeki, na mwisho fataki ikatiwa mahali pake. Zilipokuja bunduki za kisasa vitu hivyo vilikuwa vimekwisha kukusanywa ndani ya kichupa kimoja cha shaba. Wazee wakakiita kiasi cha bunduki, na jina lilifaa, maana ndani yake mna kipimo kamili cha mlio mmoja. Leo sote twakiita risasi tu, na hapo ndipo mambo huchanganyika. Kinachoruka ni kichwa chake. Kinachobaki ni ganda.

Katika vitu vile vinne, baruti huteketea, kichwa huenda zake, na fataki hubonyezwa ikafa. Ganda peke yake hubaki zima, nalo ndilo lenye kazi kubwa kiwandani. Limefanywa kwa shaba ya manjano, yaani katika kila sehemu 100, 70 ni shaba nyekundu na 30 ni zinki. Mchanganyiko huu una tabia ya ajabu: baruti inapolipuka ganda hutanuka likaziba chumba cha bunduki, moshi na moto usimrudie mpigaji, kisha hapo hapo hujirudi kidogo, likatoka bila kung'ang'ania. Chuma cha kawaida hakina upole huo. Ndiyo sababu ganda moja likitunzwa huweza kujazwa mara kadhaa.

ZANA NA HILA ZA KAZI

Mwenye kujaza upya huanza kazi yake kwenye uwanja wa shabaha. Bunduki hulirusha ganda pembeni likapotea majanini, basi wengine hutandika turubai upande wa kulia, na wengine hufunga kifuko cha wavu kando ya bunduki ili maganda yadondokee humo. Sumaku haisaidii, kwa kuwa shaba haishiki sumaku; lakini hiyo yenyewe ni hila, maana sumaku huyatenga maganda ya chuma yaliyochanganyika na yale ya shaba. Mtu mwangalifu huhesabu: akienda na 20, hurudi na 20.

Nyumbani huyasafisha. Hutia maganda ndani ya pipa dogo linalozunguka, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, na baada ya saa kadhaa hutoka yaking'aa kama vyombo vya harusi. Kisha huyapitisha kwenye chekeche. Ndipo huja zana kuu, mashine ya mkono yenye wenzo mrefu, ambayo hulisukuma ganda ndani ya kalibu ya chuma ngumu ili lirudie umbo lake la kwanza, na msumari wa ndani huitoa fataki iliyokufa. Kuna kipimo cha kupimia urefu, kwani ganda hurefuka kila linapopigwa, na kuna mizani ya baruti iliyo nyepesi kuliko mizani ya sonara. Uzani wake huhesabiwa kwa punje, na ratili moja ina punje 7,000.

Hata fataki ina hadithi yake. Ziko aina mbili zinazojulikana sana, moja ya Hiram Berdan, Mmarekani, na nyingine ya Edward Boxer, Mwingereza. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati ya kitako, nayo fataki yake hutoka kwa urahisi. La Berdan lina matundu mawili madogo, na kuitoa fataki yake ni taabu. Kichekesho ni kwamba Wamarekani wameshika ile ya Mwingereza, na nchi nyingi za Ulaya zikashika ile ya Mmarekani.

Hila iliyonipendeza zaidi ni ya waya. Fundi huukunja ncha, akaupitisha ndani ya ganda na kupapasa ukuta wake karibu na kitako. Akihisi kijifereji, ajua ganda limechoka na safari ijayo litakatika, huenda likamjeruhi. Hulitupa, hata kama kwa nje lang'aa. Kosa la kupima baruti mara mbili, au kutumia baruti isiyo yake, limepasua bunduki nyingi na kupofua macho.

WAWINDAJI WA NAIROBI

Elimu hii ililetwa Nairobi na wawindaji. Tangu mwanzo wa karne iliyopita jiji hili lilikuwa mlango wa safari za kuwinda. Theodore Roosevelt alipitia hapa 1909, na hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa 1904, ilijaa wageni wa aina yake. Risasi za kumwangusha ndovu au nyati zilikuwa nene na za bei kubwa, nazo zilitoka Uingereza kwa meli. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Kynoch ya Birmingham ikaanza kuziacha risasi hizo kubwa, na wenye bunduki za kizamani wakabaki na mitutu isiyo na chakula. Hapo ganda tupu likawa kama akiba ya dhahabu.

Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na biashara ile ikafa. Siku hizi bunduki na risasi hazishikwi bila cheti, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na biashara ya kuzitengeneza au kuziuza ni ya waliosajiliwa tu. Asiye na ruhusa asijaribu kazi niliyoieleza hapo juu.

WATU WATATU

Nendeni Kenyatta Avenue mkaitazame sanamu ya watu watatu, iliyosimamishwa 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita vya 1914 hadi 1918. Sanamu ni ya Nairobi, lakini vita vyenyewe vilitugusa sana sisi watu wa Pwani, na katika vita hivyo ndipo kushindilia upya kulipofanywa kwa wingi mkubwa.

Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wamezingirwa baharini na manowari za Kiingereza. Askari wao wengi walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, ambazo moshi wake uliwafichua kila walipopiga. Mwezi wa Aprili 1915 meli yao Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku ikifukuzwa na manowari Hyacinth. Ilipigwa ikashika moto, Waingereza wakadhani imekwisha, wakaondoka. Lakini shehena haikuteketea. Risasi kwa mamilioni zilitolewa majini zimerowa. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa na kukaushwa, fataki mbovu zikabadilishwa, na maganda yakashindiliwa tena. Kazi hiyo ilichukua miezi. Nyingine hazikulia, lakini zilizolia zilitosha kuendeleza vita, na vita hivyo viliendelea hadi Novemba 1918. Waliolipa gharama ni wapagazi waliokufa njiani kwa njaa na maradhi, ambao jina lao, Kariakor, limebaki kwenye mtaa na soko hapa Nairobi.

RISASI NA KITANZI

Kutoka kwenye sanamu ile ni hatua chache tu hadi Kimathi Street, ilipo sanamu ya Dedan Kimathi iliyofunuliwa 18 Februari 2007. Ameshika bunduki mkono mmoja na jambia mkono wa pili. Wapiganaji wa Mau Mau walijua kujifanyia bunduki: bomba la maji likawa kasiba, komeo la mlango likawa mtambo, na mpira ukawa kamani. Ila risasi hawakuweza kuifanya kwa urahisi hivyo. Ilibidi ipatikane mjini, mara nyingi moja moja, kwa kuibwa au kununuliwa kwa siri.

Serikali ya kikoloni ililijua hilo. Hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952, na kwa kanuni zilizofuata mtu aliyekutwa na risasi bila ruhusa aliweza kunyongwa. Kimathi mwenyewe alishitakiwa 1956 kwa kupatikana na bastola na risasi sita, akanyongwa 18 Februari 1957. Walionyongwa wakati wa vita vile walikuwa zaidi ya 1,000. Baadhi yao hawakuthibitishiwa kuua mtu. Risasi zilizokutwa nao zilitosha kuwapeleka kwenye kitanzi.

GANDA NI SHAHIDI

Sasa nije kwenye biashara. Mapambo ya shaba yanayouzwa City Market, Barabara ya Muindi Mbingu, mengi hutokana na makufuli na mabomba makuukuu yaliyoyeyushwa. Hakuna neno. Lakini ganda la risasi lililookotwa barabarani silo bomba. Kitakoni mwake mna chapa ya kiwanda, alama ya msumari uliolipiga, na mikwaruzo ya chumba cha bunduki. Mtaalamu akizitazama kwa darubini huweza kusema kama maganda mawili yametoka katika bunduki moja. Binadamu husahau au hutishwa, ganda halitishiki.

Mwezi wa Juni 2024 vijana waliandamana katika barabara hizi hizi, na tarehe 25 wakaingia Bunge. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu waliokufa nchini kuwa 39 kufikia 1 Julai. Penye msiba kama huo, kila ganda lililolala kando ya mtaro ni neno la ushahidi ambalo mzazi wa marehemu analihitaji. Alinunuaye akaliyeyusha kuwa bangili ameuyeyusha ushahidi. Tusisahau pia kwamba Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 yamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aandike alichonunua na kutoka kwa nani.

Ipo hatari nyingine. Ganda lenye tundu mdomoni na fataki iliyobonyea limekwisha kupigwa. Lenye kichwa bado, hata likiwa na kutu, ni hai, na likitiwa motoni hulipuka. Huko Samburu na Laikipia, ambako jeshi la Uingereza hufanya mazoezi, wafugaji na watoto waliumia na kufa kwa kugusa mabaki ya silaha, na mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228. Wenzetu wa Lamu na Garissa, ambao wamekaa miaka mingi na operesheni za kijeshi karibu yao, nawaomba wawafunze watoto hivyo hivyo.

Basi ukiliona ganda, liache lilipo. Lipige picha, tia alama ya mahali na saa, kisha wape habari polisi. Ikiwa polisi wenyewe ndio watuhumiwa, wako IPOA, mamlaka iliyoundwa 2011 kuchunguza kazi ya polisi. Shaba ya kufanyia bangili haijaadimika Nairobi. Shahidi wa kweli ndiye adimu.