Tusipohesabiwa Meru, Tutahesabiwa Wapi?

Wako jamaa zetu wengi ambao riziki imewapeleka mbali na bahari. Wengine wana maduka Embu mjini, wengine wanafanya biashara Meru na Maua, na wengine wamezaliwa huko huko bara, na pwani wanaijua kwa kuja kutembea siku za Idi. Ukimuuliza mmoja wao habari ya sensa, huenda akakujibu: "Sisi huku ni wageni tu, kwetu ni Lamu." Jawabu hilo lina mapenzi ya nyumbani ndani yake. Lakini lina hasara pia, na hasara hiyo huwaangukia zaidi kina mama na watoto.

Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Mwaka 2019 usiku huo ulikuwa wa kuamkia tarehe 25 Agosti, na makarani waliendelea kupita nyumba kwa nyumba hadi mwisho wa mwezi, kwa mara ya kwanza wakiandika kwa vishikwambi badala ya karatasi. Aliyelala Maua alikuwa wa kuhesabiwa Maua, awe Mmeru, Msomali, Mkamba au Mbajuni. Na kwa kuwa karani huuliza pia kabila, dini na mahali mtu alipozaliwa, kuhesabiwa Meru hakumwondolei Mbajuni Ubajuni wake. Humwongezea tu haki pale anapoishi.

Tuangalie hesabu yenyewe. Mwaka 2009 Kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,356,301. Mwaka 2019 walifika 1,545,714. Embu ilitoka watu 516,212 ikafika 608,599. Nyongeza ya Meru peke yake katika miaka hiyo kumi, watu 189,413, inapita wakaazi wote wa Kaunti ya Lamu, ambao mwaka 2019 walikuwa 143,920. Huko Embu wanawake walihesabiwa 304,367 na wanaume 304,208. Tofauti yao ni watu 159 tu, kiasi cha mtaa mdogo. Basi asidhani mtu kwamba nyumba chache zilizofungiwa karani mlango haziathiri picha ya mahali.

Picha hiyo ndiyo serikali huitazama inapogawa mali ya umma. Katiba ya mwaka 2010 inataka kaunti zipewe kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katika kanuni ya kwanza ya kugawana fedha hizo baina ya kaunti, asilimia 45 ya mgao ilifuata idadi ya watu. Kanuni ya tatu, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 baada ya mabishano makali, ilipunguza uzito huo hadi asilimia 18 na kuongeza vigezo vingine, kama vile afya, kilimo na umaskini. Kanuni hubadilika, lakini idadi ya watu haijapata kuondolewa. Mipaka ya maeneo ya bunge nayo hupimwa kwa idadi hiyo hiyo.

Sasa tumfikirie mama mjamzito wa Maua. Huyo haendi Lamu kujifungua. Mtoto wake hachanjwi Mombasa, wala hasomi Malindi. Zahanati, dawa, maji na madarasa anayoyategemea ni ya Kaunti ya Meru, na hupangwa kwa watu walioandikwa Meru. Vilevile jamaa ya Kiislamu ya Embu ikiomba mahali pa kuzikia, au mwalimu wa somo la dini katika skuli ya serikali, swali la kwanza litakuwa: mko wangapi? Sensa ya 2019 iliandika Waislamu 5,152,194 nchini kote. Mahali Waislamu walipo wachache, kila jina lina uzito zaidi, kwa kuwa wachache wasioandikwa huonekana kana kwamba hawapo kabisa.

Wako wazee, pwani na bara, wasiopenda watoto wao wahesabiwe, wakihofia kwamba kuhesabu huondoa baraka. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Hudhayfa (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza waandikwe waliotamka Uislamu, wakaandikwa wanaume 1,500. Na Sayyidna Umar (r.a.), aliyeweka daftari la kugawia watu mali ya umma, imesimuliwa kwamba kwanza aliwapa fungu watoto walioachishwa ziwa tu. Alipokuta mama mmoja anamwachisha mtoto wake mapema ili apate fungu hilo, alihuzunika, akaamuru kila mtoto aandikiwe tangu anapozaliwa. Kisa hicho chatufunza kwamba mtoto asiye katika daftari ndiye anayelia usiku.

Na katika sensa mchanga ndiye mwepesi kusahauliwa. Karani hujibiwa na mkuu wa nyumba, naye akitaja watu wake huanza na wakubwa. Mtoto wa wiki mbili huachwa kwa kuwa hajapewa cheti. Binti wa kazi huachwa kwa kuwa si wa ukoo. Mwenye ulemavu huachwa kwa haya, na nyanya aliyekuja kuuguzwa kwa kuwa ni mgeni. Sensa hufanywa kila miaka kumi, kwa hivyo mchanga aliyesahauliwa mwaka 2019 atakuwa na umri wa miaka kumi ndipo hesabu nyingine ifike.

Hapa ndipo mama wa nyumba ana kazi. Yeye ndiye ajuaye waliolala humo. Ayaandike majina yao mapema, na umri wao, ampe mumewe au amjibu karani mwenyewe. Maswali kuhusu watoto aliowazaa, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, hakuna awezaye kuyajibu kwa usahihi kumshinda. Si lazima karani aingizwe ndani, barazani panatosha. Aombwe kitambulisho chake cha kazi. Siri za nyumba zinalindwa na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006, inayokataza kufichua habari za mtu mmoja mmoja.

Lakini tujihadhari pia na kuzidisha. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuyafuta matokeo ya wilaya nane za Kaskazini Mashariki na Turkana, ikisema idadi iliyoandikwa ilipita kiasi kilichotarajiwa. Wilaya nzima zikaingia katika shaka, na mabishano yakafika mahakamani. Kumwandika mtu Meru, kisha kumwandika tena Lamu, ni uongo, na uongo huwafanya hata wakweli wasisadikiwe.

Kwa desturi ya miaka kumi, sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2029. Muda uliobaki unatosha kuzungumza jambo hili katika madrasa, katika vyama vya kina mama na baada ya sala ya Ijumaa. Wenye jamaa Meru, Embu na kwingineko bara tuwapigie simu tuwaambie: usiku huo mlipolala ndipo kwenu, na wote mliolala nao muwataje, hata aliyezaliwa jana.