Wadudu nyuma ya mawese: kwa nini Burundi inawahitaji wananchi wake kuwalinda wachavushaji

Anayenunua chupa ya mawese katika soko la Ruvumera, mtaani Buyenzi, jijini Bujumbura, hulipia kazi ya watu wengi: mkulima wa Rumonge, mkamuaji, mchukuzi na mchuuzi. Wapo wafanyakazi wengine wasiolipwa wala kutajwa, nao ni wadudu wadogo wa jamaa ya fukusi, waishio katika maua ya mchikichi.

Mchikichi huchanua maua ya kiume na ya kike katika mti uleule, lakini kwa nyakati tofauti. Hivyo chavua, yaani vumbi la ua la kiume, haina budi kusafiri kutoka mti mmoja hadi mwingine. Upepo husaidia kidogo. Wadudu hawa hula na kutaga mayai katika maua ya kiume. Ua la kike linapofunguka hutoa harufu inayofanana na hiyo, nao hudanganyika, huingia wakiwa wamejaa chavua, hawakuti walichokifuata, huondoka. Chikichi zimekwisha tungwa. Nchini Malaysia, ambako mchikichi ulipelekwa bila wadudu wake, vibarua walichavusha kwa mikono hadi mwaka 1981, mdudu aitwaye Elaeidobius kamerunicus alipoletwa kutoka Kamerun. Sisi hatujawahi kumlipa mtu kwa kazi hiyo, na pengine ndiyo sababu hatuwajui wanaoifanya.

Marakuja ya manjano nayo haizai kwa chavua yake yenyewe. Ua lake ni kubwa, na nyuki wa asali ni mdogo kwa kazi hiyo. Huifanya nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao wenye nyumba huwaua wakilinda mapaa yao. Kwa hiyo kuzungumzia nyuki wa asali pekee hakutoshi. Jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, lilieleza mwaka 2016 kwamba zaidi ya robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea wachavushaji, angalau kwa kiasi.

Hifadhi kama Rusizi, pembezoni mwa Bujumbura, na Kibira, kaskazini-magharibi mwa nchi, hulinda sehemu tu ya maisha ya wadudu. Nyuki hulala msituni, akala kwenye shamba la mtu kilomita kadhaa kutoka hapo. Mkulima akipuliza dawa asubuhi, maua yakiwa wazi, mizinga ya jirani yake ndiyo hupukutika. Kupuliza jioni, na kumjulisha mfuga nyuki siku iliyotangulia, hupunguza madhara, ingawa baadhi ya dawa hubaki na sumu hadi kesho yake. Hayo huhitaji makubaliano ya kilima kizima, na kazi za jumuiya za Jumamosi tayari huwakutanisha watu haohao.

Warinaji nao wana lao. Mzinga wa jadi ukirinwa kwa moto, nyuki wengi huungua. Moshi, na kuacha masega yenye watoto, hulibakiza kundi hai. Lakini mrinaji hatumii moto kwa ujinga. Asiye na vazi la kujikinga, moto ndio kinga yake, na kumwambia auache bila kumpatia vazi na bomba la moshi ni kumwomba akubali kuumwa.

Mjini, jambo ni jepesi zaidi. Nyuki weusi hupendelea mbao kavu zisizopakwa rangi. Mbao za paa zikipakwa rangi, na gogo kavu likaachwa kwenye kona ya kiwanja, watakuwa na pa kwenda.