Damu ya Mzazi Haikadiriwi kwa Macho

Mwulize mkunga wa zamu ya usiku mama aliyejifungua sasa hivi amepoteza damu kiasi gani, naye atakutajia idadi: mililita 200, labda 300. Idadi hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye faili. Mara nyingi si sahihi, na kadiri damu inavyozidi ndivyo jicho linavyozidi kuipunja. Nyingine imenyonywa na pamba, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi, nyingine imeteleza chini ya mgongo wa mama ikatuama kwenye mpira wa kitanda. Hata mkunga wa miaka ishirini leba hawezi kuijumlisha kwa kuitazama.

Kwa uzazi wa njia ya kawaida, mililita 500 ndicho kiwango ambacho kwa miaka mingi kimehesabiwa kuwa damu imetoka kupita kiasi. Sababu kubwa ni mfuko wa uzazi kushindwa kukaza. Mimba ikifikia mwisho, zaidi ya nusu lita ya damu hupita humo kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoiziba ni misuli ya mfuko wenyewe inapojikunja na kuibana. Misuli ikilegea, dakika chache zinatosha kumwaga nusu lita hiyo na zaidi. Tena mwili wa mjamzito unaficha mambo. Katika miezi tisa umejiongezea damu karibu nusu ya kiasi chake cha kawaida, kwa hiyo presha na mapigo ya moyo huweza kuonekana salama hadi hasara imekuwa kubwa. Anayengoja presha ishuke ndipo achukue hatua amekwisha kuchelewa.

Mei 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Profesa Arri Coomarasamy wa University of Birmingham pamoja na Shirika la Afya Duniani. Ulifanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Hospitali 80 ziligawanywa kwa bahati nasibu, na uzazi zaidi ya 210,000 wa njia ya kawaida ukafuatiliwa. Katika nusu moja ya hospitali hizo mama alitandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko unaoning'inia, na kwenye mfuko huo ipo mistari ya kipimo. Damu ikifika 500, hatua zinaanza bila mjadala. Ikifika 300 na mama ana dalili zinazotia shaka, zinaanza vilevile. Katika nusu nyingine wakunga waliendelea na utaratibu wao wa siku zote. Huko nako damu ilikingwa kwa plastiki, ila isiyo na mistari, ikapimwa kwa mizani ili ulinganisho uwe wa haki.

Hatua zenyewe hazina jipya hata moja: kuukanda mfuko wa uzazi kupitia tumboni, dawa ya kuukaza kama oksitosini, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, dripu, kisha kuchunguza kama mama amechanika au kondo limeacha vipande, na kumwita mkubwa mambo yakizidi. Jipya ni kwamba zilifanywa zote kwa pamoja. Tumezoea kuzipanga foleni: kanda kwanza, ngoja, ongeza dawa, ngoja tena. Katika kila kungoja damu inatoka.

Matokeo yalikuwa makubwa kuliko tulivyozoea kuona katika tiba. Waliopoteza lita moja au zaidi, au kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya damu, au kufariki kwayo, walikuwa asilimia 4.3 katika hospitali za utaratibu wa zamani na asilimia 1.6 katika zile nyingine. Mimi lakini naziangalia zaidi takwimu mbili za pembeni. Kwa utaratibu wa zamani, waliotokwa damu kupita kiasi na kutambuliwa walikuwa asilimia 51 tu. Kwa shuka la mistari wakafika 93. Na waliopewa tiba yote kwa ukamilifu walitoka asilimia 19 hadi 91. Maana yake, karibu nusu ya akina mama hao walikuwa wanatokwa damu nyingi mbele ya watumishi bila mtu kushtuka.

Wapo wanaonung'unika kwamba vifo pekee havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika kitakwimu, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti ni ile ya lita moja. Ni kweli. Vifo, namshukuru Mungu, vilikuwa vichache mno ndani ya hospitali hizo kuweza kulinganishwa. Ila mama aliyepoteza lita moja ilhali aliingia leba na upungufu wa damu si tarakimu ya kupuuza.

Onyo ninaloliona zito zaidi linatoka Ulaya. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliojaribu mfuko wa kukingia damu katika nchi 13 za huko, kwa akina mama wapatao 25,000. Haukuleta nafuu ya maana. Wakunga walipewa kipimo, lakini hakikufungamanishwa na amri ya kufanya jambo fulani damu ikifika mahali fulani. Kigoma walikuwa wamelifikiria hilo mapema. Kabla ya hapo, watafiti huko waliwafundisha wakunga wa jadi kwamba kanga mbili zikilowa chepechepe, doti nzima yaani, mama amevuka mililita 500 na apewe misoprostoli, nayo dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, palepale, bila kumngoja mtu. Kipimo ni kanga, na kanga haikosekani katika nyumba ya mzazi. Kwa hiyo wilaya itakayonunua mashuka ya mistari ikasahau mafunzo, sanduku la dawa lililo tayari kando ya kitanda na kikao cha kila mwezi cha kuchambua takwimu, vyote vilivyokuwamo katika E-MOTIVE, itakuwa imenunua plastiki.

Hiyo asidi ya traneksamiki ina historia yake. Iligunduliwa Japani miaka ya 1960 na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto. Utako alitamani ijaribiwe kwa wazazi, hakufanikiwa kuwashawishi madaktari wa wakati wake. Alifariki 2016. Mwaka uliofuata utafiti wa akina mama 20,060 katika nchi 21 ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya kutokwa damu ikitolewa ndani ya saa tatu. Basi wengine tukadhani kila mwenye upungufu wa damu apewe tu kabla damu haijaanza kutoka. Jaribio la 2023, lililoihusisha Tanzania, likakataa: kwa wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu, haikuzuia kitu. Dawa inafaa kwa anayetokwa damu, na ili ujue anayetokwa damu ni lazima upime.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga, lilitoa mwongozo mpya: mililita 300 zikiambatana na presha au mapigo yasiyo ya kawaida zinatosha kuanza tiba. Kwa wanawake wetu, wengi wao wakiwa na damu pungufu tangu kliniki ya kwanza, naona umechelewa kuja.

Waliojifungua kwa upasuaji hawakuwamo katika E-MOTIVE. Kwenye meza ya oparesheni damu huvutwa chupani pamoja na maji ya uzazi, na nyingine hubaki ndani ya vitambaa ambavyo inabidi vipimwe kimoja kimoja kwenye mizani. Timu ya watu watatu saa nane ya usiku, huku mgonjwa mwingine akisubiri mlangoni, kazi hiyo huiruka.