Hadithi za kutisha za zamani: tunazitoa wapi, na kwa nini zinanoga?

Kila tunaposoma hadithi ya kutisha hewani, simu huingia za aina mbili: wanaotaka tuendelee, na wazazi wanaolalamika kwamba watoto wamegoma kwenda chooni peke yao. Juzi msikilizaji mmoja akauliza hadithi hizi tunazitoa wapi.

Nyingi tunazitafsiri kutoka vitabu vidogo vya jalada jepesi tunavyookota kwa wauza vitabu vya mitumba. Mfululizo maarufu ni ule wa kampuni ya Pan ya Uingereza, ulioanza mwaka 1959. Mhariri wake, Herbert van Thal, alikusanya watunzi mbalimbali kitabu kimoja: katika cha kwanza yumo Bram Stoker, aliyeandika Dracula, na Muriel Spark pia yumo. Hadi mwaka 1989 vilifika 30. Kwa maoni yetu vya mwanzo ndivyo vitamu. Baadaye damu ilizidi kama chumvi kwenye mchuzi.

Chukua hadithi ya W. W. Jacobs ya mwaka 1902, inayohusu mkono mkavu wa kima unaotimiza maombi matatu. Mzee anaomba pauni 200. Kesho yake anakuja mtu kutoka kiwandani: kijana wao amenaswa na mashine, amekufa, na kampuni inatoa kifuta machozi. Kiasi gani? Pauni 200. Siku zinapita, mama anamshurutisha mumewe aombe mtoto arudi. Usiku mlango unagongwa. Mama anahangaika na komeo, baba anapapasa sakafuni akiutafuta ule mkono ili aombe mara ya mwisho. Mlango unapofunguka, nje hakuna mtu.

Jacobs haonyeshi kabisa nani aliyekuwa akigonga. Tulipoisoma, fundi mitambo wetu aligonga meza tu, na simu zikaanza.

Liko jambo tunaloliogopa kweli. Hapa Tanzania vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, ambayo huenda ni moshi wa kuni wa miaka mingi. Ndiyo maana kabla ya kusoma tunataja jina la mtunzi na kusema wazi kuwa amebuni. Ndiyo maana pia tunampenda Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, watu wanaogopa mzimu, lakini Bwana Msa anamtafuta muuaji mwenye miguu miwili.

Ukibahatika kupata kitabu cha namna hii, usikianike juani wala kukikunja mgongo. Karatasi yake ya bei rahisi hugeuka njano na kukatika, na gundi ikikauka kurasa hudondoka. Cha kwetu kimoja kimepoteza ukurasa wa mwisho, na hadi leo hatujui aliyekuwa kisimani alitoka au la.

Wazazi, tumewasikia. Kipindi sasa kinaanza saa nne usiku.