Saa ya Ukutani na Siri ya Mgongo Wake

Mtu wa pwani haoni ajabu kukiita kitu kwa jina la nchi kilikotoka. Bibi zetu walivaa merikani bila ya kupata kumwona Mmarekani, kwa kuwa kitambaa hicho kililetwa Unguja na marikebu za Salem katika karne ya kumi na tisa. Saa za ukutani nazo zilikuja kwa bahari hiyo hiyo. Lakini saa, tofauti na kitambaa, ilikuja na cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa usoni au mgongoni, nasi twapita chini yake kila siku bila ya kukisoma.

Kuna wengine wakisomao. Wanunuzi wa vya kale hupita Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa mlango kwa mlango, na mwenye kujua kusoma alama ndiye atajaye bei. Hata asipokuja mnunuzi, saa huleta maneno siku ya kugawa mirathi. Huyu adai ni tunu iliyotoka mkononi mwa Sayyid Barghash mwenyewe, yule asema ni ya dukani, ya juzi tu. Kadhi atawagawia mafungu, bali umri wa saa hatawaambia.

Basi na tuanze na maneno yaliyozoeleka kuliko yote: Made in Germany, yaani imetengenezwa Ujerumani. Wajerumani hawakuyaandika kwa kujisifu. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, baada ya mafundi wa Sheffield kulalamika kwamba visu vya Kijerumani vikiuzwa kana kwamba ni vyao. Bidhaa ya kigeni iliyokuwa na jina au alama ya kumdanganya mnunuzi ikalazimishwa itaje nchi yake. Kusudi lilikuwa ni kuwatia aibu. Lo! Wanunuzi wakaona vitu vya Kijerumani ni imara, na yale maneno ya aibu yakawa ndiyo yanayotafutwa. Kisha Marekani, kwa sheria ya ushuru ya 1890 iitwayo ya McKinley, ikataka kila bidhaa iingiayo huko kuanzia Machi 1891 iandikwe jina la nchi yake kwa Kiingereza.

Sasa turudi kwa wale warithi wetu. Sayyid Barghash alitawala tangu 1870 hadi alipofariki Machi 1888. Sheria ya Waingereza ilipita Agosti 1887. Saa yenye maneno hayo ingekuwa na miezi saba tu ya kutengenezwa, kusafirishwa na kufika mkononi mwake. Na ikiwa pia ina nyota ya pembe nane yenye herufi J ndani yake, hiyo ni alama ya Junghans wa mji wa Schramberg, iliyoanza 1890. Hapo hapana tena la kubishania.

Lakini pana mtego. Vitabu vya Kimarekani husema kwamba saa isiyo na jina la nchi ni ya kabla ya 1891. Kwao huenda ikawa hivyo. Kwetu si lazima, kwani sheria ile ilikuwa ya forodha za Marekani; saa iliyopakiwa Hamburg ikaja moja kwa moja Unguja haikuwa na wa kuilazimisha. Alama ikiwapo ni shahidi. Isipokuwapo, usiifanye shahidi.

Nchi nazo hufa na kuzaliwa, na hilo latusaidia sana. Saa iliyoandikwa Western Germany au West Germany haiwezi kuwa ya kabla ya 1949, mwaka Ujerumani ilipogawanyika, wala ya baada ya 1990 ilipoungana. Za Japani zilizopelekwa Marekani ziliandikwa Nippon hadi 1921, forodha za huko zilipolikataa jina hilo na kutaka Japan. Zile zenye maneno Occupied Japan ni za baada ya vita, kabla ya Japani kurudishiwa uhuru wake 1952.

Wamarekani wenyewe waliandika mji wao. Kampuni ya Ansonia ilianza katika jimbo la Connecticut, ikahamia Brooklyn mwishoni mwa miaka ya 1870, ndipo New York ikaonekana kwenye saa zake. Na 1929 mitambo yake ikauzwa kwa Warusi. Mwenye saa yenye Ansonia na New York basi anayo mipaka miwili, wa mwanzo na wa mwisho. Gustav Becker, mwenye alama ya nanga na herufi G na B, aliandika Freiburg, na wengi huipeleka saa hiyo kwenye Freiburg ya kusini mwa Ujerumani. Yake ni ile ya Silesia, ambayo tangu 1945 imo Poland na yaitwa Świebodzice.

(Mzungu akiingia nyumba ya zamani hudhani saa imepotea kwa saa sita. Haikupotea. Mwenyewe aliitia kumi na mbili jua lilipokuchwa.)

Msisome uso peke yake. Uso ukichakaa fundi huubadili kwa wa saa nyingine, na sanduku likiliwa na mchwa seremala wa mtaani huchonga jipya. Mwambie fundi atoe mtambo, mtazame bamba la shaba la nyuma kwa tochi, penye kamani. Maneno ya bambani yakipingana na ya usoni, la bamba ndilo lenye nguvu zaidi. Na ikiwa ndani ya sanduku pamebandikwa karatasi iliyokunjamana, yenye jina la kiwanda, waambieni watoto wasiisugue kwa mafuta ya taa wanaposafisha kwa ajili ya Idi.