Kuni mbichi zinavyopunguza bonasi ya mkulima wa chai

Mkulima mdogo wa chai nchini Kenya hulipwa kwa awamu. Kila mwezi hupokea malipo ya kilo za majani alizopeleka kituoni, na mwaka wa fedha unapokwisha husubiri bonasi. Bonasi hiyo ni kile kinachobaki baada ya kiwanda kuuza chai na kutoa gharama zake. Kwa kuwa wenye hisa katika viwanda vilivyo chini ya KTDA ni wakulima wenyewe, kila shilingi inayoteketea bure kwenye boila hutoka mfukoni mwao.

Nishati ni miongoni mwa gharama kubwa za kiwanda cha chai. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Kilo 100 za majani mabichi hutoa takriban kilo 22 tu za chai iliyo tayari. Karibu zote zinazobaki ni maji, ambayo lazima yaondolewe kwa hewa ya feni na joto la mvuke. Viwanda vingi viliacha mafuta mazito kwa sababu ya bei na kugeukia kuni. Hata hivyo, kuni nazo zina hesabu yake.

Mti uliokatwa leo una maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Tani moja ya kuni hizo ina kilo 500 hivi za maji. Zikikaushwa mpaka maji yabaki asilimia 20, uzito hushuka hadi kilo 625. Maana yake ni kwamba kilo 375 za maji zimeondolewa bure na jua na upepo. Zisipokaushwa, maji hayo huchemkia ndani ya tanuri na joto lake hutokea kwenye bomba la moshi, huku kiwanda kikiwa kimekwisha kulilipia. Isitoshe, kuni mbichi huwaka kwa shida na kutoa moshi mwingi.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kuni zipasuliwe, zipangwe kwa kuachiana nafasi ya hewa kupita, zikae miezi kadhaa chini ya banda lenye paa na pande zilizo wazi, na zilizotangulia kuingia ndizo zitangulie kuchomwa. Kiwanda kinachonunua kuni kwa uzito kinafaa kubadili utaratibu na kununua kwa mita za ujazo, la sivyo kitakuwa kinanunua maji kwa bei ya kuni.

Baada ya kuni hufuata mvuke. Bomba lisilofunikwa hupasha joto hewa badala ya kukausha chai, na valvu inayovuja huvuja usiku na mchana. Maji ya moto yanayotokana na mvuke uliokwisha kutumika yakirudishwa kwenye boila, kuni za kuchemsha maji baridi upya huokolewa.

Umeme nao una mianya yake. Feni za kunyaushia majani huzunguka kwa saa nyingi, mara nyingine kwa kasi ileile hata siku ambayo majani ni machache. Kasi ya feni ikipunguzwa kwa asilimia 20, umeme inaotumia hushuka hadi karibu nusu. Kifaa cha kudhibiti kasi kina bei yake, lakini kuzima feni isiyo na kazi hakugharimu chochote.

Hatua kubwa zaidi zahitaji mtaji. Mradi wa umeme wa maji wa Gura, katika Kaunti ya Nyeri, wenye uwezo wa karibu megawati 6, ulijengwa ili kuhudumia viwanda kadhaa vya chai na kuuza ziada kwenye gridi ya taifa. Si kila kiwanda kina mto wa namna hiyo, na mkopo wenye riba kubwa waweza kumeza faida yote. Ndiyo maana hatua za bei nafuu hutangulia.

Kipimo ni muda wa kurudisha gharama. Kwa mfano, banda la kuni likijengwa kwa Sh1.2 milioni na kuokoa Sh100,000 kila mwezi, fedha zake zitarudi katika muda wa mwaka mmoja. Baada ya hapo, kinachookolewa ni faida.

Kanuni zilizotungwa Kenya mwaka 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa wa nishati kufanyiwa ukaguzi kila baada ya miaka 3. Wapo wanaouona ukaguzi kama mzigo wa serikali, ilhali ripoti yake huonyesha fedha zinakopotelea. Na serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, ilidhihirika kwamba anayetegemea miti ya wengine hana uhakika wa kesho. Kiwanda chenye shamba lake la mikaratusi, kinachochoma kuni kavu, huhitaji ekari chache zaidi kwa kazi ileile.

Wakulima wanapokutana katika mkutano mkuu wa mwaka, wengi huuliza bei ya chai katika mnada wa Mombasa. Bei hiyo haimo mikononi mwao. Swali ambalo wakurugenzi waliowachagua wanaweza kulijibu ni hili: kila kilo ya chai iliyotengenezwa mwaka huu imekula kuni kiasi gani, na mwaka jana ilikula kiasi gani?